Miongozo ya Printa ya Zamani

Kila asubuhi Sumeya aliifungua studio kwa mpango uleule. Aliinua mlango wa bati hadi nusu, akainama na kupita chini yake kama mtu anayeingia nyumba ya watu, kisha akamalizia kuuinua akiwa ndani. Alifuta kaunta, akachomeka birika, akawasha kompyuta. Maji yalipoanza kuguna alikuwa ameshaketi, akizitazama folda zikijitokeza moja baada ya nyingine, kila moja na alama yake ya kijani ya kuonyesha kwamba ndani yake kila kitu kimehifadhiwa huko juu, kwenye wingu. Hakuzifungua. Alizipitia kwa macho tu, kama mfugaji anavyowapitia kuku wake kabla ya kuwafungulia, na macho yakifika kwenye folda ya mwisho kabisa, ndipo alipoinuka kumimina chai.

Asubuhi hiyo birika liliguna, likachemka, likajizima, naye bado ameketi. Folda ya mwisho haikuwepo.

Aliteremsha ukurasa, akaupandisha. Akaandika jina la folda pale pa kutafutia: Miongozo ya printa ya zamani. Kompyuta ikamjibu kwamba haijui kitu chenye jina hilo.

Ndani ya folda hiyo hakukuwa na mwongozo hata mmoja. Mlikuwa na picha za wanawake. Huko Majengo, mtaa aliozaliwa Sumeya hapo Nyeri mjini, sherehe ya hina ni ya wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, mitandio hutupwa viti vya nyuma, na watu wazima wanaoheshimika sokoni hucheza mpaka jasho likawatiririka. Simu zote hukusanywa mlangoni kwenye karai lililofunikwa leso, na mama mmoja mwenye mdomo mkali huketi kando kulilinda. Kamera inayopita hapo ni moja tu, ya Sumeya, kwa sababu yeye ni mtoto wa mtaa na kwa sababu, kama wasemavyo wenyewe, "huyu hata ukimfinya hasemi."

Lakini studio haikuwa yake, wala kompyuta haikuwa yake. Wateja wanaume waliegemea kaunta siku nzima wakichungulia picha zao za pasipoti, na Tushar, mtoto wa mwenye studio, alikuwa akitumia kompyuta hiyohiyo kwa kazi za shule na za makanisa. Ndipo Sumeya alipoipa folda jina ambalo halingemvutia mtu. Nani atafungua miongozo ya printa? Hata printa yenyewe ilipokuwa hai hakuna aliyeisoma.

Na katika picha zote hizo, moja ilikuwa amana. Ilikuwa ya Bi Kibibi.

Bi Kibibi alikuwa ameikwepa kamera maisha yake yote. Kitu pekee kilichoonyesha sura yake kilikuwa kitambulisho cha taifa, na humo alionekana kama mtu aliyekamatwa kwa kosa la mwingine. Lakini kwenye hina ya mjukuu wake Ummi alimvuta Sumeya mpaka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akasema, "Nipige sasa, kabla sijabadili nia. Lakini usimpe mtu. Nikiwa hai wasiitazame. Nikiondoka, mpe Ummi." Sumeya alipiga mara moja. Sasa Bi Kibibi alikuwa amezikwa tangu mwezi wa mfungo, na Ummi, aliyeolewa Nanyuki, alikuwa ametuma ujumbe jana: "Nyanya aliniambia uko na kitu yangu. Nakuja kesho mchana. Mama anasema ameanza kusahau vile Nyanya alikuwa anacheka."

Mlango ukagongwa kwa kiwiko cha mkono. Tushar aliingia na mkate kwapani, akiwa na furaha ya mtu aliyeamka na dhamiri safi.

"Sumeya! Umeona vile kompyuta iko nyepesi leo?"

"Nimeona," alisema Sumeya.

"Jana jioni wingu lilijaa, likakataa hata picha za mahafali. Nikafagia. Matangazo ya Krismasi za zamani, video za majaribio, takataka tupu. Sijui kwa nini tulikuwa tunaziweka."

Sumeya alisogeza kikombe chake kitupu upande mmoja wa meza, halafu akakirudisha. "Na labda... ile ya printa pia?"

"Ile printa? Si tuliuzia mtu wa vyuma!" Tushar alicheka. "Ama unataka kumfuata umrudishie miongozo yake?"

"Hapana. Nilikuwa nauliza tu. Labda bado iko kwa lile pipa la vilivyofutwa..."

"Pipa nilimwaga. Usipomwaga, nafasi hairudi."

"Lakini huko juu, kwa wingu, si inabaki?"

"Aa, huko juu ndio hapa." Alikuwa akikata mkate, hakumtazama. "Hiyo kitu ni kama kioo. Ukifuta hapa, kule kunajifuta. Si stoo, Sumeya, ni kioo."

Sumeya aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo la kawaida. Ndani yake alikuwa akifikiri kwamba kioo hakiwezi kukumbuka sura ya mtu aliyeondoka mbele yake. Miezi yote hiyo alikuwa akizihesabu alama za kijani na kulala usingizi, kumbe alikuwa akijitazama kwenye kioo. Na si kwamba hakuwahi kuingiwa na wasiwasi. Wakati wa mvua za masika, diski ya zamani ya studio ilipoanza kukwaruza, alimwambia Tushar, "Labda siku moja tungenunua diski nyingine," naye akajibu, "Siku moja, ndiyo," na siku hiyo ikaenda zake. Alimwambia tena, taratibu zaidi. Maneno ya Sumeya yalikuwa na tabia hiyo. Yalitoka yakiwa yamejifunika shuka mpaka kichwani, na asiyemjua hakutambua kwamba kuna mtu ndani.

Alichukua kikombe chake akaenda chumba cha nyuma.

Huko aliketi mama yake Tushar, Bharti, akibandika picha kwenye albamu ya watu wa Karatina, miwani kwenye ncha ya pua. Studio hiyo ilianzishwa na baba mkwe wake, Mzee Laxmidas, na Bharti alikuwa ameirithi pamoja na madeni yake, viti vyake na mazoea yake. Alimtazama Sumeya, akatazama kikombe.

"Unakunywa hewa?"

"Hakuna kitu, Mama Tushar."

"Mimi nimeishi na wanawake, mtoto. Kuna 'hakuna kitu' ndogo, na kuna kubwa. Hii ni kubwa. Keti."

Sumeya akaketi. Alieleza huku akiitazama gundi, maneno yakikatikakatika, lakini Bharti hakuhitaji kuelezwa sana. Yeye mwenyewe alishawahi kuacha simu yake kwenye lile karai.

"Kibibi?" alisema. "Ile ya Kibibi ndiyo imepotea?"

Sumeya akaitikia kwa macho.

Bharti alivua miwani. "Nilipoletwa hapa bibi harusi, asubuhi moja nafungua stoo ya nyumbani natafuta achari ya maembe. Nakuta nini? Maharusi! Katikati ya chupa, maboksi na maboksi, mabwana harusi wa Nyeri nzima wananitazama. Mzee alikuwa anachapa kila picha nakala mbili. Moja ya mteja, na moja anapeleka nyumbani pamoja na negativu. Nikamuuliza, Mzee, hii ni chakula? Akasema, duka likiungua, moto hautajua njia ya nyumbani." Alipuliza miwani, akaifuta kwa ncha ya sari. "Tushar alikuja na wingu lake, akatupa yale maboksi yote. Mimi nikafurahi, nikapata mahali pa mchele. Sasa niambie. Hakuna pahali pengine uliwahi kufungua hiyo kitu? Popote, bora si hapa?"

Sumeya alifungua mdomo kusema hapana, maana hata kadi ya kamera huifuta kila baada ya sherehe. Ndipo akakumbuka Chaka.

Kabla ya kuletwa studio hii ya mjini alikuwa akisimamia kibanda cha studio huko Chaka, cha picha za pasipoti na kuchapa fomu. Laptopu ya kibanda ilikuwa na akaunti ileile, na yote yaliyokuwa kwenye wingu yalijishusha humo pia. Sasa ilikuwa kwa Nyawira, rafiki yake, ambaye aliiunganisha na intaneti kwa nadra sana kwa sababu alitumia bando za simu yake mwenyewe, na Nyawira hakuwa mtu wa kugawa bando ovyo. Kama haikuunganishwa tangu jana jioni, basi haikuwa na habari kwamba kuna kitu kimefutwa. Picha zingekuwa bado zimekaa humo. Lakini siku itakapopata mtandao tu, itaambiwa, nayo itatii.

Na leo ilikuwa siku ya soko Chaka. Leo fomu zingekuwa nyingi.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kuta nene za mawe na simu haikushika. Ilibidi Sumeya atoke mpaka mbele, pembeni ya kaunta, ambako Tushar alikuwa amemkalisha mwanamume mwenye tai kwenye stuli nyeupe. "Kidevu juu kidogo, mwalimu," Tushar alikuwa akisema. "Usitabasamu, hawataki."

Simu iliita mpaka ikakata. Ikaita tena.

"Sema, mrembo wa Nyeri!" Nyuma ya sauti ya Nyawira kulikuwa na mbuzi na watu wakibishania viazi. "Lakini ongea haraka, niko na watu hapa mpaka nje."

"Habari ya huko? Nyumbani hawajambo?"

"Wako. Sema."

"Nilikuwa nataka kukuuliza... kama hutajali... ile laptopu..."

"Iko hapa, nimeiwasha saa hii. Iko polepole kama konokono ya mimba. Kwani mnaitaka?"

"Hapana, si kuitaka. Ni kwamba labda, kama inawezekana, ungengoja kidogo kabla..."

"Sumeya, sikusikii, mbuzi wa watu amenishika sketi. Ngoja. Mama, fomu yako inakuja, nawasha data saa hii. Sumeya, niko na wewe, wacha niunganishe tu hii kitu..."

"Labda usiunganishe," alisema Sumeya.

"Ati?"

"Nilikuwa nasema, labda..."

"Ati labda nini? Imetafuta, imeona simu yangu, inaniuliza niseme ndiyo..."

"USISEME NDIYO! Nyawira, usiiunganishe! Zima data! Zima sasa hivi!"

Sauti hiyo Sumeya hakuijua. Ilitoka mahali fulani chini ya mbavu, ikagonga vioo vya mbele na kurudi. Mwalimu alishtuka pale kwenye stuli wakati taa ya kamera inawaka. Tushar alibaki na kamera usoni kama aliyegandishwa. Kutoka chumba cha nyuma kilisikika kiti kikiburuzwa.

 Upande wa pili hata mbuzi, ilionekana, alinyamaza.

"Nimezima," alisema Nyawira, kwa sauti ndogo ajabu. "Nimezima, dadangu. Kuna mtu amekufa?"

"Alishakufa," alisema Sumeya. "Usiiguse mpaka nije."

Bharti alikuwa ameshasimama mlangoni. "Tushar," alisema, "leta gari. Huyu bwana nitampiga picha mimi. Kaa vizuri, mwalimu. Hiyo ya kwanza tutakupa bure, ukawatishie wanafunzi."

Njia nzima Tushar aliendesha bila redio. Alishasoma usoni mwa Sumeya kwamba amefanya jambo, lakini hakujua uzito wake.

"Ilikuwa nini ndani ya hiyo folda?" aliuliza walipopita mashamba ya ngano.

"Picha za watu."

"Sasa mbona uliiandika..."

"Kwa sababu wewe ungeifungua."

Tushar alifikiri. Alikuwa kijana mwerevu, na baada ya kitambo masikio yake yalibadilika rangi. "Za wale kina mama," alisema. Sumeya alitazama nje. Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo, ila upande mmoja tu, kama mtu aliyejifunika shuka nusu uso.

Kibandani Nyawira alikuwa amefukuza wateja wote na kuifunika laptopu kwa kitenge chake, kana kwamba inaweza kushikwa na baridi. "Sijaigusa," alisema. "Hata sijapumua."

Tushar alitoa diski mbili mpya alizonunua walipokuwa wakitoka mjini. Akanyoosha mkono kwenye kitenge, kisha akaurudisha. Akatoka nje, akaugeuzia mlango mgongo, akakaza macho kwenye Mlima.

"Nitasema kutoka hapa," alisema. "Nyinyi mfanye. Sumeya, kwanza hakikisha hakuna mtandao. Iko alama ya ndege pale chini. Ibonyeze."

"Nimebonyeza."

"Sasa tafuta folda. Ipo?"

Sumeya aliteremka na ukurasa polepole, macho yakipita moja moja kama kila asubuhi. Ilikuwa mahali pake, chini kabisa.

"Ipo," alisema.

Mchoma nyama wa jirani alimtazama Tushar aliyesimama juani akizungumza na hewa. "Kijana, kwani umefukuzwa?"

"Nafanya kazi," alisema Tushar, bila kugeuka. "Chomeka diski ya kwanza. Usihamishe, Sumeya. Nakili. Ukihamisha inatoka huku, ukinakili inabaki. Ikimaliza, chomeka ya pili, ufanye tena."

Wakati mstari wa kunakili ukijaa polepole, Nyawira alichungulia. "Woi! Huyu si ni yule mama wa mahamri? Anajua kucheza hivi?"

"Wewe ni mwanamke, unaruhusiwa," alisema Sumeya. "Lakini usiseme nje."

"Niseme kwa nani, mbuzi?"

Kisha Sumeya akafungua tarehe moja moja, na furaha yake ikapungua. Nyawira alikuwa ameunganisha laptopu mara ya mwisho kabla ya sherehe ya arubaini ya mtoto mchanga wa Mama Hafiz. Picha zote mpaka siku hiyo zilikuwapo. Za arubaini hazikuwepo, mtoto aliyevalishwa nyeupe, shangazi waliotoka Isiolo, mama mwenyewe akilia na kucheka. Hizo zilikuwa zimekaa kwenye kioo peke yake.

Alirudi Nyeri na diski mbili mapajani, akizishika kama mayai.

Ummi alifika adhuhuri imeshaswaliwa, akiwa bado na vumbi la safari kwenye ncha za buibui. Bharti alimpokea kwa chai, akafunga mlango wa chumba cha nyuma. Sumeya alikuwa ameichapa picha mwenyewe na kuikausha mwenyewe. Aliiweka mezani ikiwa imefunikwa karatasi, akaisukuma kwa kidole kimoja.

Ummi aliondoa karatasi.

Maisha yake yote Bi Kibibi alicheka kwa mkono mdomoni, na watu walidhani ni haya. Kwenye picha mkono huo ulikuwa chini. Ulikuwa umeshika meno yake ya kubandika, ameyainua kidogo pembeni ya uso kama mtu anayeonyesha pete mpya, na mdomo wake mtupu ulikuwa wazi kabisa, unacheka, nywele zikiwa nyekundu kwa hina, macho yamefumbwa kwa furaha ya kumchezea mtu shere.

Ummi aliziba mdomo kwa mkono, vilevile kama nyanya yake. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda haikujulikana analia au anacheka. "Meno!" alisema mwishowe. "Kumbe alikuwa na meno ya kununua! Mama hata hajui. Binti yake wa kumzaa, na hajui!"

"Alisema wasiitazame akiwa hai," alisema Sumeya.

"Alijua tungemcheka mpaka Nanyuki." Ummi alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akaitazama tena. "Ndivyo alivyokuwa anacheka. Sauti yake ilikuwa inakuja hivi, kutoka hapa. Ai, Nyanya." Akaiinamia akaibusu, kisha akaushika mkono wa Sumeya na kuukandamiza mezani, na Sumeya hakuuondoa.

Alipokwisha kwenda, Sumeya alichukua mtandio wake wa kutokea nje. Tushar alikuwa kaunta na zile diski mbili, kalamu nene mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Mama Hafiz. Kumwambia."

"Nikusindikize? Mimi ndio nilifuta."

"Huwezi kuingia. Kuna mtoto mchanga na wanawake. Nitamwambia ni sisi wote wawili."

Tushar aliinamisha kichwa. Akaandaa kalamu juu ya karatasi ya kubandika. "Basi niandike nini hapa? Miongozo?" Alijaribu kutabasamu. "Ama labda unataka kufikiria kwanza?"

Bharti alikuwa ametokea mlangoni kwa nyuma, akisikiliza. Sumeya alihisi lile neno likija ulimini, labda, na shuka lake. Alilimeza.

"Andika Picha za Wanawake," alisema. "Chini yake uandike Sumeya. Moja itakaa kwenye kabati la huku, na funguo nitashika mimi. Ya pili itaenda nyumbani kwenu, stoo, kwa achari, na Mama Tushar peke yake ndiye atakayeigusa. Kila nikitoka kwenye sherehe, kabla sijala, nitanakili zote mbili. Na usifute kitu changu bila kuniuliza, Tushar." Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. "Asubuhi sikuwa naulizia printa. Nilikuwa nakwambia umefuta kazi yangu."